Je, Wajua? Saa za Umeme wa Nafuu

Katika mitaa mingi ya Uingereza, saa kumi na mbili jioni, watu hurudi kazini, huegesha gari la umeme mbele ya nyumba na kulichomeka kwenye chaja ya ukutani. Taa ndogo ya chaja huwaka kuonyesha kwamba waya umeshika, lakini umeme hauingii. Gari hukaa hivyo zaidi ya saa tano. Ikitimia saa tano na nusu usiku, wenye nyumba wakiwa wamelala, swichi iliyo ndani ya chaja hulia "tak" mara moja na kilowati 7 huanza kupita. Saa kumi na moja na nusu alfajiri hukatika zenyewe.

Hakuna aliyeamka kuwasha kitu. Ratiba iliwekwa siku moja kwenye simu, na kinachoiongoza ni bei.

Je, wajua kwamba uniti ileile ya umeme yaweza kuuzwa zaidi ya mara tatu ya bei yake kwa sababu ya saa tu?

Mpango mmoja unaojulikana sana Uingereza ni Intelligent Octopus Go wa kampuni ya Octopus Energy. Mwaka 2024 mteja wa mpango huo alilipa kati ya peni 7 na peni 7.5 kwa uniti moja katika zile saa sita za usiku, na mchana alilipa karibu peni 25, kukiwa na tofauti ndogo kutoka eneo hadi eneo.

Tupige hesabu. Gari lina betri ya uniti 60, limerudi nyumbani likiwa na asilimia 20, na mwenyewe anataka lifike asilimia 80. Betri inahitaji uniti 36. Kwa kuwa umeme kiasi hupotea njiani kama joto, mita itasoma karibu uniti 40. Chaja ya kilowati 7.4 huimaliza kazi hiyo kwa saa tano na nusu hivi, kwa hiyo usiku mmoja unatosha. Kwa peni 7, mwenye gari atalipa pauni 2 na peni 80. Angechaji jioni ileile aliporudi, kwa peni 25, angelipa pauni 10. Na kwa uniti 36 gari la wastani hutembea zaidi ya kilomita 200.

Asiye na chaja ya ukutani hutumia soketi ya kawaida, inayotoa kilowati 2.3 hivi. Kwa saa sita ataingiza uniti zisizozidi 14, nazo ni kama kilomita 75. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, hiyo yatosha kabisa, ilimradi soketi na waya wake vimekaguliwa na fundi. Soketi chakavu ikibeba mzigo huo saa sita mfululizo, usiku baada ya usiku, hupata moto.

Aliyekosa kabisa pa kuegesha nyumbani ndiye anayeumia. Kodi ya ongezeko la thamani kwa umeme wa nyumbani Uingereza ni asilimia 5, lakini kwenye chaja za barabarani ni asilimia 20. Mkazi wa ghorofa asiye na maegesho hulipa kodi mara nne kwa kitu kilekile, kabla hata ya kugusia kwamba bei yenyewe ya barabarani iko juu. Sioni haki katika jambo hilo.

Je, wajua kwamba wazo la bei ya saa lilitolewa kabla umeme haujafika nyumba nyingi duniani?

Mwezi Novemba 1892 mhandisi Mwingereza John Hopkinson aliwahutubia wahandisi vijana kuhusu gharama za kuuza umeme. Aliwaeleza kwamba gharama kubwa ya kampuni ya umeme haiko kwenye makaa ya mawe inayoyachoma. Iko kwenye mitambo na nyaya, ambazo lazima ziwepo mwaka mzima zikisubiri ile saa moja ya jioni ambayo kila mtu anawasha taa. Anayeongeza mzigo saa hiyo anailazimisha kampuni kununua mtambo mwingine. Anayetumia wakati mitambo imekaa bure haigharimu kampuni karibu chochote.

Mjini Brighton, kwenye pwani ya kusini mwa Uingereza, mhandisi Arthur Wright alitengeneza kipimo kilichorekodi mteja alifikia kilele gani cha matumizi, ili bili ifuate hesabu hiyo. Mwaka 1894 Samuel Insull, aliyewahi kuwa katibu wa Thomas Edison, alipita Brighton akiwa mapumzikoni, akakiona kipimo hicho, akakielewa papo hapo. Alikipeleka Chicago, na juu ya mantiki hiyo akajenga mojawapo ya kampuni kubwa za umeme za Marekani. Mteja anayechaji gari saa nane usiku leo anafuata hesabu ya Hopkinson.

Kampuni za umeme za Marekani zililitaka sana gari la umeme katika miaka ya 1910 kwa sababu hiyohiyo: lilikuwa mteja wa usiku. Clara Ford, mkewe Henry Ford, aliendesha gari la umeme aina ya Detroit Electric la mwaka 1914, na alilichaji nyumbani kwao Dearborn, wakati magari ya petroli ya mumewe yakifurika barabarani.

Je, wajua kwamba kwa miaka takriban arobaini mita nyingi za umeme za Uingereza zilikuwa zikisikiliza redio?

Mwaka 1978 Uingereza ilianzisha mpango wa Economy 7, yaani saa saba za umeme wa bei ndogo kila usiku. Wakati huo walengwa walikuwa wenye majiko ya kupashia nyumba joto: ndani yake mna matofali mazito yanayopashwa moto usiku na kulitoa joto lake polepole mchana. Tatizo likawa: nani aziambie mita saa imefika? Saa za ndani ya mita zilikuwa zikichelewa au kuwahi, na kampuni haikuwa na njia ya kuzifikia nyumba moja moja.

Jibu lilitoka BBC. Kituo cha Radio 4 kilirushwa kwa mawimbi marefu ya kilohezi 198, kutoka mitambo mikubwa ya Droitwich na mingine miwili iliyoko Uskoti. Katika miaka ya 1980 wahandisi waliingiza ujumbe ndani ya wimbi lenyewe linalobeba sauti. Walilisogeza wimbi hilo kidogo mno, kiasi kwamba sikio haliwezi kutambua. Mtu alikuwa akisikiliza taarifa ya habari au utabiri wa hali ya hewa ya baharini, na chini ya sauti ile ujumbe ulikuwa ukipita kwa kasi ya biti 25 tu kwa sekunde, ukizipa amri swichi za nchi nzima: kundi hili liwashe, kundi lile lizime.

Mfumo huo ulidumu hadi mitambo yake ikachakaa na vipuri vikawa adimu. Tarehe ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa 30 Juni 2025. Siku hiyo ilipofika, bado mamia ya maelfu ya nyumba yalikuwa yakiutegemea, hivyo uzimaji ukafanywa hatua kwa hatua, eneo baada ya eneo. Kwa nyumba hizo hili halikuwa jambo dogo. Swichi isiposikia amri, jiko la kupashia joto laweza kubaki limewaka mchana wa bei ghali au lisiwake kabisa usiku wa baridi kali.

Mita janja za sasa hazihitaji redio ya BBC. Zinasoma matumizi kila nusu saa na kuyatuma kampuni kwa mtandao, zikiendana na soko la umeme la Uingereza, ambalo huigawanya siku vipande 48, kila kimoja kikiweza kuwa na bei yake.

Je, wajua kwamba sheria ya Uingereza inaitaka chaja ichelewe makusudi?

Umeme hauna subira. Unaozalishwa sekunde hii lazima utumike sekunde hii, na usawa huo hupimwa kwa mapigo ya gridi: 50 kwa sekunde. Matumizi yakizidi uzalishaji, mapigo hushuka. Yakipungua, mapigo hupanda. Waongozaji wa gridi hukesha wakiulinda usawa huo.

Sasa fikiria magari 300,000 yameambiwa yaanze kuchaji saa sita usiku kamili. Kila moja likivuta kilowati 7, sekunde moja baada ya saa sita gridi inadaiwa megawati 2,100 ambazo sekunde iliyotangulia hazikuhitajika. Hapo bei ya nafuu iliyobuniwa kupunguza msongamano ingekuwa imezaa msongamano mpya usiku wa manane.

Kanuni za chaja janja za mwaka 2021, zilizoanza kutumika 30 Juni 2022 katika England, Uskoti na Wales, zimelizuia jambo hilo kwa njia nyepesi. Kila chaja mpya ya nyumbani au ya kazini, saa yake ikifika, hujichagulia kwa bahati nasibu muda wa kungoja, kuanzia sekunde sifuri hadi dakika 10. Jirani mmoja ataanza baada ya sekunde 40, wa pili baada ya dakika saba. Kwa pamoja mzigo unapanda taratibu badala ya kuruka. Kanuni hizohizo zinataka chaja iuzwe ikiwa na ratiba inayoepuka saa mbili hadi saa tano asubuhi, na saa kumi jioni hadi saa nne usiku, siku za kazi. Mwenye gari anabaki na haki ya kubatilisha yote hayo akiwa na haraka, na haki hiyo ni ya lazima: mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba hawezi kuambiwa angoje saa za nafuu.

Waingereza walijifunza mapema jinsi watu wengi wakifanya jambo moja kwa pamoja wanavyoweza kuitikisa gridi. Tarehe 4 Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi ilipoishia kwa penalti, watazamaji waliinuka kwenye viti, wakawasha birika za chai, na matumizi yakaruka kwa megawati 2,800.

Kwa dharura za aina hiyo wana Dinorwig. Hiki ni kituo cha umeme kilichochimbwa ndani ya mlima Elidir Fawr huko Wales na kufunguliwa mwaka 1984. Maji hushuka kutoka ziwa la juu hadi la chini, na mitambo ikiwa tayari inazunguka, huweza kutoa megawati 1,320 ndani ya sekunde 12. Usiku, umeme ukiwa wa bei ndogo, pampu huyarudisha maji juu. Akiba ya mlima huo ni kama uniti milioni 9. Gawanya kwa betri ya gari yenye uniti 60, utapata magari 150,000. Na Uingereza ilivuka magari milioni moja ya betri Januari 2024. Kwa maneno mengine, akiba inayolala mbele ya nyumba za watu ilikuwa tayari imeupita mlima mara kadhaa, ingawa magari mengi hadi sasa yanapokea tu na hayarudishi umeme kwenye gridi.

Je, wajua kwamba kuna saa ambazo mteja hulipwa kwa kuchaji?

Tangu 2018 Octopus wana mpango mwingine, Agile, ambao bei yake hubadilika kila nusu saa kufuatana na soko. Bei za kesho hutangazwa leo. Majira ya baridi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku, bei hupanda vibaya sana. Lakini upepo ukivuma kwa nguvu baharini na watu wamelala, mitambo ya upepo hutoa umeme usio na mnunuzi, na bei hushuka hadi chini ya sifuri. Hilo lilitokea mara nyingi majira ya kuchipua ya 2020, ofisi na viwanda vilipofungwa kwa sababu ya korona. Aliyechaji gari saa hizo aliongezewa pesa kwenye akaunti yake.

Mpango wa aina hii haumfai kila mtu. Unamfaa mwenye betri, mwenye ratiba inayojiendesha, na asiyepika chakula cha jioni kwa umeme saa kumi na mbili. Familia yenye watoto wadogo, inayotumia umeme mwingi saa hizohizo za kilele, hupata hasara. Ndiyo maana mipango yenye saa za nafuu zisizobadilika imependwa zaidi: mtu anajua saa yake, anaipanga mara moja, anasahau.

Je, wajua kwamba Ufaransa huipa kila siku rangi?

Mwanauchumi Marcel Boiteux, aliyezaliwa 1922 na kufariki 2023 akiwa na miaka 101, ndiye aliyeipa kampuni ya umeme ya Ufaransa, EDF, nadharia ya kuuza umeme kwa bei inayofuata gharama ya saa yenyewe. Wafaransa hawakutumia redio. Ujumbe wao ulipita ndani ya waya uleule wa umeme, kwa mapigo 175 kwa sekunde juu ya yale 50 ya kawaida, na tangi la maji ya moto likawaka au kuzimika.

Katika mpango wao uitwao Tempo, mwaka una siku 300 za buluu, 43 nyeupe na 22 nyekundu. Nyekundu huja kati ya Novemba na Machi, kamwe si Jumamosi wala Jumapili, na umeme wa mchana wa siku hiyo ni ghali kupindukia. Rangi hutangazwa siku moja kabla. Mwenye gari la umeme mwenye mpango huo huangalia rangi ya kesho, na akiona nyekundu anachaji usiku huu.

Je, wajua kwamba saa ya nafuu imeanza kuhama kutoka usiku kwenda mchana?

Katika jimbo la South Australia mapaa mengi yana paneli za sola, kiasi kwamba adhuhuri umeme hufurika. Tangu Julai 2020 kampuni ya nyaya ya jimbo hilo ilipunguza ada yake kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ili matangi ya maji na magari vivute umeme jua likiwa utosini. Ufaransa nayo, kuanzia Novemba 2025, imeanza kuhamishia alasiri baadhi ya saa zake za nafuu, saa ambazo kwa miaka mingi zilikuwa za usiku. Mtu aliyezoea kuchaji saa nane usiku itambidi ajifunze kuchaji saa nane mchana, na mwajiri mwenye maegesho yenye chaja ndiye atakayekuwa na umeme wa bei ndogo kuliko nyumba.

Sasa tuje kwetu.

Je, wajua kwamba Kenya ina bei maalumu ya kuchaji magari, na kwamba usiku bei hiyo ni nusu?

Mwaka 2023 mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilipitisha bei ya vyombo vya usafiri vya umeme: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya nchi yako chini. Hiyo ni bei ya msingi, kabla ya kodi na ada za mafuta na za fedha za kigeni. Mteja wa nyumbani anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi alipangiwa takriban shilingi 21. Saa za nafuu ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Jumamosi na sikukuu ni hadi saa mbili asubuhi na tena tangu saa nane mchana. Jumapili ni mchana kutwa na usiku kucha.

Ukitaka kujua sababu, nenda Olkaria, karibu na Naivasha. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, na mvuke haujui kulala. Kisima hakifungwi saa tano usiku na kufunguliwa asubuhi kama bomba la maji. Nairobi ikizima taa, mvuke uliokwisha kupanda huachiwa uende angani, umeme wake haujazalishwa. Kule Marsabit, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, hupata upepo mkali zaidi usiku, saa ambazo wanunuzi ni wachache kuliko wakati wowote. Nchi inapoteza usiku wa manane kile inachokililia saa za jioni, wakati taa, majiko na televisheni vimewaka kwa pamoja.

Gari la umeme ni mteja aliyekuwa akikosekana hapo. Kampuni ya BasiGo, iliyoanza kuyaleta mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, huyachaji usiku kwenye yadi, na mwenye basi hulipa kwa kilomita alizotembea. Mchana basi linabeba abiria, usiku linakula mvuke wa Olkaria.

Rwanda iliamua mwaka 2021 kwamba vituo vya kuchaji vilipe bei ya viwandani, ambayo ni ndogo na ina saa zake za nafuu. Uganda ina bei tatu za siku kwa wateja wa biashara na viwanda: ya kilele kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, ya chini kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili asubuhi, na ya kati mchana. Nchini Tanzania, mteja wa kawaida wa nyumbani anaponunua uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, uniti hizo ni za bei ileile akizitumia saa mbili usiku kupika au saa tisa usiku kuchaji bajaji. Mita inajua ameshatumia kiasi gani, lakini haijali ametumia lini.

Kuna kasoro moja katika bei ya Kenya, na inanisumbua. Ili mtu aipate, lazima atumie kati ya uniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Yadi ya mabasi inafika hapo siku ya kwanza. Mwenye gari dogo anafika akiendesha kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Mwenye boda je? Pikipiki ya umeme hula kama uniti 4 kwa kilomita 100. Hata akikimbia kilomita 120 kila siku bila kupumzika, kwa mwezi atatumia uniti 144 hivi. Hafiki. Kwa hiyo hukodi betri kwenye kituo cha kubadilishia, ambacho chenyewe kinapata bei hiyo, au huchaji nyumbani kwa bei ya juu. Mtu anayefanya kazi kuliko wote barabarani, na ambaye shilingi 10 kwake ina maana, ameachwa nje ya mlango. EPRA wakipitia bei tena, sakafu hiyo ya uniti 200 iondolewe.

Je, wajua kwamba ratiba mbili zaweza kuuana?

Hili huwapata wengi. Gari lina ratiba yake kwenye kioo cha dashibodi, chaja ina ratiba yake kwenye simu, na kampuni ya umeme ina ya tatu. Mwenye gari anaweka zote, akidhani anajihakikishia. Chaja inafungua saa tano na nusu, gari linasema bado, hadi saa sita na nusu. Baadhi ya magari yakishakaa muda mrefu bila kupokea umeme huingia usingizini na hayaamki chaja inapofungua. Asubuhi betri iko palepale. Dawa yake ni kuchagua mpangaji mmoja. Ukiwa kwenye mpango ambao kampuni ndiyo inachagua nusu saa za kuchaji, zima ratiba ya gari na ya chaja zote mbili, wewe useme tu unataka asilimia ngapi na ifikapo saa ngapi.

Pia angalia saa ya mita. Mita za zamani za Economy 7 nyingi hazibadiliki Waingereza wanaposogeza saa zao mbele mwezi Machi, kwa hiyo kiangazi chote saa za nafuu huanza na kuisha saa moja baadaye kuliko mwenye nyumba anavyodhani. Asiyejua anachaji saa nzima kwa bei ya mchana.

Katika nchi za baridi, ratiba nzuri ni ile inayomaliza kuchaji karibu na saa ya kuondoka, maana betri iliyotoka kuchajiwa ina joto, na betri yenye joto hufika mbali zaidi. Pwani yetu haina shida hiyo. Shida yetu ni joto lenyewe, na usiku, hewa ikiwa imepoa, ndio wakati bora wa kuchaji hata kama bei ingekuwa sawa. Kuhusu kiwango, watengenezaji wengi hushauri asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, na 100 kwa safari ndefu. Magari yenye betri za fosfeti ya chuma hutofautiana: hayo baadhi ya watengenezaji huomba yajazwe kabisa mara kwa mara. Soma kijitabu cha gari lako, kimeandikwa humo.

Kama uko Kenya na gari lako linakula zaidi ya uniti 200 kwa mwezi, usiendelee kulichaji kwa mita ya nyumba. Nenda ofisi ya Kenya Power, uulizie mita ya pili ya vyombo vya umeme, kisha uweke ratiba ianze saa nne usiku. Na Jumapili chaji saa yoyote upendayo.